Barua Njema Zisipotee Katika Taka

Kichujio cha chai ni chombo kidogo ambacho kila jiko linacho, wala hakuna anayekiwazia mpaka siku kinapoharibika. Matundu yake yakipanuka, majani huingia kikombeni. Yakiziba, chai hubaki juu na mgeni akapewa kikombe kitupu. Chombo cha jinsi hiyo hiyo sasa kimo ndani ya simu za watu wengi, na kazi yake ni kuchuja barua pepe. Tofauti iliyopo ni kwamba kichujio cha chai kinapokosea mwenye nyumba huona papo hapo, ilhali kile cha simu hukosea kimya kimya, na kosa lake hujulikana baada ya majuma mengi, au halijulikani kamwe.

Katika Mafubira, jirani na Bugembe, mahali palipokuwa gombolola ya Wilaya ya Jinja kabla ya kuingizwa katika Jiji la Jinja tarehe 1 Julai 2020, siku ile ile Mbale nayo ilipopata hadhi ya jiji, nyumba mbili zinazotazamana zilipatwa na mikasa miwili ya barua pepe katika mwezi mmoja. Mikasa hiyo yafaa kuelezwa pamoja, maana mmoja ni kinyume cha mwingine.

Katika nyumba ya kwanza anakaa mwalimu wa shule ya msingi pamoja na binti wa kaka yake marehemu. Binti huyo alikwisha kumaliza kidato cha sita, na aliomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja upande wa Mbale. Maombi yalipelekwa kwa intaneti kutoka kwenye kibanda kimoja cha mjini, na anwani iliyoandikwa ni ile ya simu ya shangazi, kwa kuwa binti hakuwa na simu yake. Tangu siku hiyo shangazi aliifungua barua pepe yake kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Alikuta matangazo ya viatu, matangazo ya mikopo na salamu za kampuni ambazo hakumbuki kuzijua. Barua ya chuo hakuiona.

Ilikuwa imekwisha kufika. Ililala katika sehemu ya spamu, yaani pipa la barua taka, ambayo mwalimu hakuwa na habari nayo. Kijana wa jirani, aliyeazima simu ili ajitumie picha, ndiye aliyepita huko kwa bahati.

“Mwalimu, mbona kuna barua ya chuo huku kwenye taka?” akauliza.

Barua ilikuwa na umri wa siku ishirini na nne. Ilisema kwamba binti amekubaliwa, na kwamba athibitishe nafasi yake kabla ya siku kumi na nne kupita, la sivyo nafasi apewe mwingine. Shangazi alipanda gari alfajiri ya kesho yake, akafika chuoni, akasikilizwa kwa adabu, akaambiwa kwamba darasa limejaa. Ikumbukwe pia kwamba Gmail, huduma ambayo yeye na watu wengi huitumia, hufuta barua za spamu zikitimiza siku thelathini. Kwa hiyo zilibaki siku sita tu barua hiyo itoweke kabisa, na nyumba ile ingebaki ikiamini hadi leo kwamba binti alinyimwa.

Katika nyumba ya pili anakaa mzee mstaafu. Yeye hakuangushwa na pipa la taka. Aliangushwa na sanduku lenyewe. Barua iliyojiita ya ofisi ya pensheni ilimfikia mahali pa juu kabisa, imeandikwa kwa heshima, inamtaja kwa jina, inamweleza kwamba malimbikizo yake yamekwisha kupitishwa, na kwamba zimebaki shilingi laki moja na nusu tu za kushughulikia mafaili, zitumwe kwa simu kabla ya saa kumi jioni. Mzee alituma. Kesho yake iliombwa laki nyingine, ndipo alipomwita mwanawe amsomee tena barua ile. Jina lililoonekana juu lilikuwa la ofisi, lakini anwani iliyokuwa nyuma ya jina hilo ilikuwa ya mtu binafsi, yenye tarakimu nyingi mwishoni kama namba ya gari. Fedha zile hazikurudi.

Hivyo basi, kichujio hukosea kwa njia mbili. Huweza kuitupa barua njema, na huweza kuikaribisha barua mbaya. Wataalamu wa mambo haya wanajua kwamba kulipunguza kosa moja mara nyingi huliongeza lingine, na kwa sababu hiyo hakuna kampuni inayoweza kumwahidi mtu kichujio kisichokosea. Kazi inayobaki ni ya mwenye sanduku.

Barua taka si jambo la juzi. Barua ya kwanza ya namna hiyo inayojulikana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, kwa anwani zipatazo mia nne za mtandao wa ARPANET, kutangaza kompyuta za kampuni yake. Wengi waliipokea kwa hasira. Jina la spamu lenyewe ni la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, ambayo wachekeshaji wa Uingereza waliifanyia mzaha katika televisheni mwaka 1970 kwa kulirudia jina lake mpaka mazungumzo mengine yote yakafunikwa. Mzaha huo, kwa bahati mbaya, unaeleza vizuri hali ya masanduku ya barua ya siku hizi.

Kwa miaka mingi watu walijaribu kuzizuia barua hizo kwa kuandika kanuni moja moja: ukiona neno fulani, tupa. Wenye kutuma taka wakabadili maneno. Mwezi Agosti 2002 mwandishi wa programu Paul Graham alieleza njia iliyotegemea hesabu ya uwezekano, hesabu yenye asili yake kwa Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Kompyuta hupewa rundo la barua njema na rundo la barua taka, ikahesabu kila neno limeonekana mara ngapi katika kila rundo. Barua mpya inapofika, programu ya Graham ilichagua maneno kumi na matano yenye ushahidi mzito kuliko mengine, ikayapima, ikatoa hukumu. Jambo la busara ni kwamba yeye aliyahesabu maradufu maneno ya rundo la barua njema, ili mizani ielemee upande wa kusamehe, kwa kuwa aliona kuitupa barua ya kweli ni kosa kubwa kuliko kuipokea ya uongo. Mashine za sasa zina ujuzi mwingi kupita huo, hata hivyo zingali zinajifunza kwa namna hiyo: kutokana na yale watu wanayoyaita taka na yale wanayoyaokoa.

Hapa ndipo msomaji atakapoelewa kwa nini barua ya chuo ilitupwa. Ilianza kwa neno “Hongera”. Ilisema “umechaguliwa”. Ilitaja ada, ikataja siku ya mwisho, ikamtaka binti abonyeze mahali fulani ili athibitishe. Maneno hayo hayo ndiyo matapeli wanayoyapenda, kwa sababu wanajua kwamba ndiyo maneno ambayo familia zinayangoja. Barua ya neema na barua ya wizi huvaa nguo moja, na mashine, ambayo haijui kwamba katika nyumba ile kuna binti anayengoja, ilihukumu kwa kutazama nguo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya muhuri. Mtu yeyote wa Mafubira anajua kwamba akienda kufungua akaunti ya benki au kuomba kitambulisho bila barua ya mwenyekiti wa LC yenye muhuri, atarudishwa. Barua pepe nazo zina muhuri wake usioonekana kwa macho: maandishi ya siri ambayo seva ya mtumaji huyaambatanisha kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai wote wanaotuma barua kwa wingi wawe na mihuri hiyo kamili, na hata watumaji wadogo hutakiwa kuwa na sehemu yake. Ofisi ndogo ambayo fundi wake hakuuweka muhuri barabara huweza kutuma barua za kweli zikatiliwa shaka kila zinapofika. Lawama hiyo si ya mpokeaji, lakini hasara ni yake.

Je, mwenye sanduku afanye nini? Mwalimu yule alipata jibu kwa kuikumbuka ofisi ya elimu alikowahi kusaidia kazi wakati wa likizo. Katika ofisi ya serikali barua haziingii kwa mkubwa moja kwa moja. Hupitia masjala, ambako karani huzipokea, huzigonga tarehe, huziandika katika daftari na kuzitia kila moja katika jalada lake. Barua ya mishahara haichanganywi na ya ujenzi wa vyoo. Karani mzuri hatupi kitu kwa hiari yake. Asichokielewa hukiweka pembeni mpaka aulize. Mwalimu aliamua kwamba simu yake nayo itakuwa na masjala.

Alianza kwa kutengeneza majalada. Katika Gmail majalada hayo huitwa lebo, na ubora wake ni kwamba barua moja yaweza kubandikwa lebo mbili, jambo lisilowezekana kwa karatasi. Katika huduma nyingine huitwa folda. Alitengeneza matano tu: Shule, Kazi, Serikali, Fedha na Matangazo. Wako watu ambao wakiionja raha ya kupanga hutengeneza folda thelathini, hata barua ya bili ya maji ikawa na chumba chake peke yake. Baada ya mwezi mmoja hawajui tena walikoweka kitu, na huishia kutafuta kama hapo awali. Mpishi mwenye makopo mengi yasiyo na majina hana tofauti na asiye na kopo hata moja.

Kisha ukafuata uchujaji wenyewe. Kanuni ya kichujio katika Gmail haiwezi kutengenezwa ndani ya programu ya simu. Lazima huduma ifunguliwe kwa kompyuta, ingawa ikishatengenezwa huko hufanya kazi katika simu pia. Kwa mkazi wa Mafubira hii ina maana ya kwenda mjini na kulipia saa nzima ya kibanda, kwa hiyo ni vyema aandike kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani anwani zote anazotaka kuzishughulikia. Akifika, hufungua barua ya mtumaji husika, hubonyeza nukta tatu zilizo juu ya barua upande wa kulia, huchagua neno la kuchuja barua kama hiyo, na fomu itakayofunguka huwa imekwisha jazwa anwani ya mtumaji. Ukurasa unaofuata huuliza barua zake zifanyiwe nini. Hapo mwalimu alichagua mambo mawili kwa barua za chuo: zibandikwe lebo ya Shule, na zisipelekwe kamwe katika spamu. Kwa matangazo ya duka alilowahi kununua viatu, alichagua lebo ya Matangazo na kwamba ziruke sanduku la mbele. Hakuchagua zifutwe. Nafasi ya kuzisoma ipo, ila hazimsumbui tena jioni.

Neno la tahadhari linahitajika juu ya kuchagua kigezo. Kanuni iliyo bora hutumia anwani ya mtumaji, si maneno yaliyomo ndani ya barua. Mtu aliyechoshwa na matangazo ya mikopo huweza kuamuru kwamba kila barua yenye neno “mkopo” ifutwe. Amri hiyo itatekelezwa kwa utii wa ajabu, na siku chama chake cha akiba na mikopo kitakapomwita kwenye mkutano, mwito huo utafutwa pamoja na taka. Kichujio hakina busara. Kinafanya lile kililoambiwa, usiku na mchana, hata baada ya mwenyewe kusahau kwamba alikiambia.

Ikiwa ofisi moja huandika kwa anwani kadhaa, inafaa kuandika sehemu inayofuata alama ya @ peke yake, kama vile @ura.go.ug kwa Mamlaka ya Mapato. Katika Uganda anwani za ofisi za serikali huishia kwa go.ug, za vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu kwa ac.ug, na kampuni nyingi hutumia co.ug. Kuzijua tamati hizi ni msaada mkubwa, na laiti mzee wa nyumba ya pili angezijua, tarakimu zile za mwishoni zingemshtua. Hata hivyo zisichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Shule nyingi za kweli na hata baadhi ya ofisi zingali zinaandika kwa anwani za kawaida za Gmail, na kwa upande mwingine anwani huweza kughushiwa. Kwa sababu hiyo ruhusa ya kutokwenda spamu itolewe kwa watumaji wachache wanaojulikana. Mtu asije akaruhusu go.ug yote kwa pamoja, maana atakuwa amemfungulia mlango kila mwenye kuvaa jina hilo.

Barua njema inapokutwa katika taka, kuisoma na kuiacha huko hakutoshi. Ibonyezwe neno la kusema kwamba si taka. Kwa kitendo hicho barua hurudi sandukuni na mashine hupata somo. Aidha, anwani ya mtumaji iandikwe katika orodha ya watu anaowajua mwenye sanduku, kwani hilo nalo husaidia barua zake kuaminiwa. Vivyo hivyo taka iliyopenya iripotiwe kwa kubonyeza kitufe chake, wala isijibiwe, hata kwa matusi, kwa sababu jibu lolote humwambia mtumaji kwamba anwani hii ina mtu. Na anayetafuta barua kwa kuandika neno katika mahali pa kutafutia ajue kwamba Gmail kwa kawaida haipekui spamu wala pipa la vilivyofutwa. Akiandika in:anywhere kabla ya neno lake, itapekua kote. Shangazi angeyajua maneno hayo mawili, angeipata barua katika juma la kwanza.

Jambo moja zaidi huenda likaonekana dogo, nalo ni nani aliyelifungua sanduku. Watu wengi walifunguliwa anwani na vijana wa vibandani siku walipohitaji namba ya mlipakodi au pasipoti, na neno la siri likabaki katika daftari la kibanda. Sanduku la namna hiyo lina funguo mbili, mmoja kwa mtu baki. Neno hilo lazima libadilishwe, na namba ya simu ya kurudishia akaunti iwe ya mwenyewe. Pia nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15, ikijumuisha picha na mafaili yaliyohifadhiwa huko. Ikijaa, barua mpya hazipokelewi, hurudishwa kwa mtumaji. Na akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili, kwa mujibu wa utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, huweza kufutwa yote.

Mzee wa nyumba ya pili hakupenda habari za lebo. Alisema macho yake hayafai tena kwa kazi hiyo. Mwanawe alimtengenezea moja tu, akaiita Pensheni, ikawa ya barua za ofisi ya kweli, na wakaafikiana kwamba barua yoyote inayodai fedha, hata ikikaa ndani ya lebo hiyo, isijibiwe mpaka wote wawili wameisoma na kupiga simu ofisini kwa namba waliyoipata wenyewe mahali pengine. Mzee sasa hushikilia sharti hilo kwa ukali kuliko mwanawe. Juzi alikataa hata kulipa mchango wa harusi ulioletwa kwa ujumbe, mpaka mwenye harusi akaja mwenyewe, akaketi, akanywa chai.

Kwa upande wake mwalimu hufanya kazi ya masjala Jumamosi asubuhi, wakati kifurushi cha data cha juma bado kina uhai na kabla ya kwenda sokoni. Hufungua spamu kwanza, husoma majina ya watumaji na vichwa vya barua bila kubonyeza chochote kilichomo ndani, huokoa kinachostahili kuokolewa na kuacha kingine kife chenyewe. Kazi hiyo haichukui muda wa maji ya chai kuchemka. Kwa kuwa hurudiwa kila juma, hakuna barua inayoweza kufikisha siku thelathini bila kuonwa mara nne.

Binti aliomba tena katika muhula uliofuata. Barua ikaja Jumanne usiku, saa nne, ikabandikwa lebo ya Shule. Shangazi aliisoma mara mbili, akaitazama anwani herufi kwa herufi, na asubuhi yake, kabla ya kengele ya shule, akapiga simu chuoni kwa namba iliyochapwa katika fomu ya zamani. Aliyepokea alilitafuta jina, akalisoma kwa sauti, akasema ndiyo. Ndipo shangazi aliporudi nyumbani kumwamsha mwenye barua.